Ukumbi Ndani ya Kompyuta: Kuielewa Rivabu ya Piano

Rivabu ni sauti inayobaki chumbani baada ya chombo chenyewe kunyamaza. Mtu akipiga kofi mara moja ndani ya nyumba ya makuti, kofi hukatika papo hapo. Akilipiga katika ukumbi mtupu wenye sakafu ya vigae na dari ya zege, kofi lilelile huendelea kuvuma kwa sekunde moja, mbili, au zaidi. Kofi ni moja. Kuta ndizo zilizobadilika. Makuti yana matundu na nyuzinyuzi zinazoimeza sauti, na zege huirudisha karibu yote.

Rivabu si mwangwi. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imetengana na ile ya kwanza, kama mtu anayeita bondeni na kujibiwa na kilima cha pili. Rivabu ni maelfu ya mirejeo ya namna hiyo, inayofuatana kwa ukaribu mno hata sikio lisiweze kuhesabu. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mpiga piano, kwa sababu mwangwi huongeza noti ambazo hazikupigwa, ilhali rivabu nzuri huzipa noti zilizopigwa mahali pa kukaa.

Piano inayopigwa kwa kibodi na programu ya kompyuta haina mahali pa kukaa. Sauti inatoka kwenye hesabu za kompyuta na kuingia moja kwa moja kwenye hedifoni, bila ukuta wala dari. Ndiyo maana programu hizo karibu zote huja na sehemu ya rivabu, yenye vitelezi vya muda, ukubwa wa ukumbi, ucheleweshaji, mirejeo ya mwanzo, mchanganyiko na rangi ya sauti. Wapigaji wengi huvisogeza kwa kubahatisha mpaka sauti iwapendeze, na kesho yake haiwapendezi tena. Ubahatishaji huo hauna lazima. Kila kitelezi kinasimama badala ya jambo moja la kweli kuhusu chumba: wasaa wake, kuta zake, au umbali wa msikilizaji kutoka kwenye piano.

Hewani, kukiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo kila milisekunde moja ni sawa na sentimita 34 za mwendo. Msikilizaji aliyeketi mita 10 kutoka kwenye piano hufikiwa na sauti ya moja kwa moja baada ya milisekunde 29 hivi. Muda mfupi baadaye huja mirejeo ya mwanzo, ile iliyogonga ukuta wa kando, dari au sakafu mara moja au mbili tu. Hii bado ni michache, na kila mmoja una upande wake unakotokea. Kisha mirejeo huzaana, kila mmoja ukigonga kuta nyingine, mpaka inakuwa wingu moja linalofifia polepole kutoka pande zote. Wingu hilo huitwa mkia wa rivabu.

Aliyeutia mkia huo katika hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 27, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg. Neno la mhadhiri lilikuwa likivuma humo kwa takribani sekunde tano na nusu, na maneno yaliyofuata yalizama ndani yake. Sabine hakuwa na kipimo cha umeme. Alitumia filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kupimia na masikio yake mwenyewe, akifanya kazi usiku wakati mji umetulia. Alihamisha mito ya viti kutoka katika ukumbi wa jirani uitwao Sanders, akaingiza michache michache, na kila mara akapima muda wa sauti kufifia. Kutokana na mito hiyo ikapatikana kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: muda wa rivabu ni sawa na 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa eneo la ufyonzaji kwa mita za mraba. Mwaka 1900 ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliojengwa kwa ushauri wake, ulifunguliwa, na bado unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Muda unaosemwa hapa una maana maalumu. Ni muda ambao sauti hupungua kwa desibeli 60, yaani nguvu yake kubaki sehemu moja kati ya milioni. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina ujazo wa mita 60 za ujazo. Ikiwa makochi, mapazia na zulia vinafanya ufyonzaji wa mita 20 za mraba, muda wake ni karibu nusu sekunde. Ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, una ujazo wa mita za ujazo zipatazo 15,000, na watu wakijaa muda wake ni kama sekunde 2. Ukiwa mtupu hufikia kama sekunde 3, kwa maana nguo na miili ya watu ndiyo mito ya Sabine.

Watengenezaji wa sauti walianza kuhitaji vyumba vya bandia kabla ya kompyuta kuwepo. Mwaka 1947 huko Chicago, Bill Putnam alirekodi kundi la Harmonicats kwa kupeleka sauti kwenye spika iliyowekwa chooni na kuirudisha kwa maikrofoni, kwa sababu vigae vya choo vilikuwa na mvumo ambao studio haikuwa nao. Miaka 10 baadaye kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa chombo chake namba 140, bati la chuma la kama mita 2 kwa 1 lililotundikwa ndani ya fremu, likitikiswa na sauti na kusikilizwa kwa vinasa vilivyobandikwa juu yake. Manfred Schroeder wa Bell Labs akaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba hesabu peke yake inaweza kufanya kazi ya bati. Sauti ikipitishwa kwenye vitanzi kadhaa vya ucheleweshaji vyenye urefu usiolingana, mirejeo huzaliana yenyewe. Alitaja kiwango cha mirejeo ipatayo 1,000 kwa kila sekunde. Chini ya hapo sikio husikia mtetemo wa vipande vipande, kama sauti ndani ya pipa.

Njia ya Schroeder, ikiwa imeboreshwa sana, ndiyo mama wa rivabu za hesabu zilizomo katika programu nyingi. Njia ya pili ni ya kunasa ukumbi halisi. Ndani ya ukumbi hupasuliwa puto, au hupigwa sauti inayopanda kutoka nene hadi nyembamba, na jibu la ukumbi hurekodiwa. Rekodi hiyo ni alama ya vidole ya mahali pale. Kisha kila punje ya sauti ya piano huzidishwa na alama hiyo yote. Alama ya sekunde 3, kwa kipimo cha punje 48,000 kwa sekunde, ina punje 144,000. Kuzizidisha moja moja kungehitaji karibu mazidisho bilioni 7 kila sekunde kwa upande mmoja tu wa stereo. Kwa hiyo njia hii ilingoja ujanja wa kihesabu, ukiwemo ule ambao William Gardner aliuchapisha mwaka 1995 wa kuigawa alama vipande vifupi na virefu ili jibu litoke bila kuchelewa. Mwaka 1999 Sony ilitoa mashine iliyofanya kazi hiyo papo kwa papo. Leo kompyuta ya kawaida ya mezani huifanya bila kutoa jasho. Rivabu iliyonaswa ina ukweli wa mahali, lakini haipindiki kwa urahisi: kuirefusha au kuifupisha ni sawa na kuivuta picha mpaka nyuso zipotoke. Rivabu ya hesabu hupindika upendavyo, na ubora wake hutegemea aliyeiandika.

Sasa vitelezi vyenyewe, na cha kwanza ni muda. Idadi ya sekunde peke yake haisemi mengi mpaka iwekwe kando ya mwendo wa muziki. Kipande kinachokwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, chenye noti nne katika kila pigo, huleta noti mpya kila baada ya sekunde 0.125. Muda wa rivabu ukiwa sekunde 2.5, noti iliyokatwa huwa imefifia kwa desibeli 3 tu noti inayofuata inapoingia, na baada ya noti nne bado iko desibeli 12 tu chini. Noti nne au tano zinasikika pamoja, kila moja ikijaribu kuifunika nyingine. Muda ukiwa sekunde 1.2, kila noti hupoteza zaidi ya desibeli 6 kabla ya ijayo, na mkono wa kulia unasikika kama ulivyopigwa. Ndiyo maana fuga ya Bach huteseka katika ukumbi ambao kipande cha polepole cha Debussy kinastawi. Kwa kuanzia, sekunde 1.3 hadi 1.7 ni muda wa ukumbi wa muziki wa vyombo vichache, 1.8 hadi 2.2 ni wa ukumbi mkubwa wa okestra, na sekunde 5 au zaidi ni za kanisa kubwa la mawe. Piano haikuzaliwa kwa ajili ya kanisa la mawe. Mpigaji anayeweka sekunde 5 kwa sababu noti moja inapendeza peke yake atajuta pindi noti zikiwa nyingi.

Ukubwa wa ukumbi ni kitu kingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na muda. Muda husema sauti inaishi kwa kipindi gani. Ukubwa husema kuta ziko mbali kiasi gani, na hivyo mirejeo imetengana kiasi gani. Chumba kidogo cha vigae kinaweza kuvuma sawa na ukumbi mkubwa wenye mazulia, lakini hakuna sikio litakalovichanganya. Programu ya Pianoteq, iliyotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Modartt ya Toulouse nchini Ufaransa, huviweka viwili hivyo kando, muda kwa sekunde na ukubwa kwa mita, na inafaa mpigaji avipatanishe. Mita 8 pamoja na sekunde 4 ni birika la maji la saruji. Mita 40 pamoja na nusu sekunde ni ghala lililojaa magunia.

Ucheleweshaji wa mwanzo ni nafasi kati ya sauti ya moja kwa moja na kuanza kwa rivabu. Leo Beranek, aliyezipima kumbi nyingi za dunia na kuchapisha kitabu chake cha kwanza juu yake mwaka 1962, aliipa nafasi hiyo uzito mkubwa: katika kumbi zinazopendwa, aliona, mrejeo wa kwanza huwahi, kwa kawaida ndani ya milisekunde 20 hivi. Milisekunde 20 ni sauti iliyosafiri mita 7 zaidi ya ile ya moja kwa moja. Ikifika mapema hivyo, haisikiki kama kitu cha pili. Helmut Haas alionyesha mjini Göttingen mwaka 1949 kwamba mrejeo unaofuata kwa milisekunde zisizozidi 30 hivi huunganishwa na sauti ya kwanza, na sikio huendelea kuamini kwamba chanzo ni kimoja, hata mrejeo wenyewe ukiwa na nguvu kuliko chanzo. Kwa muziki mpaka huo ni mpana zaidi, na wahandisi huchukua milisekunde 80 kuwa ndipo mirejeo inayosaidia uwazi inapoishia na mkia unapoanza. Kwa piano, ucheleweshaji wa milisekunde 10 hadi 30 huacha pigo la nyundo lisikike safi kabla ukumbi haujajibu. Ukizidi 60 au 80, pigo kali la noti fupi huanza kujirudia.

Ucheleweshaji huu usichanganywe na ule wa kompyuta, yaani muda kati ya kidole kubonyeza na sauti kutoka. Ule wa kompyuta huichelewesha piano yenyewe na kumvuruga mpigaji. Huu wa rivabu hauigusi piano, unauchelewesha ukumbi tu.

Kitelezi cha mchanganyiko ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Kinaamua uwiano wa sauti kavu na sauti ya ukumbi, na kwa hiyo kinaamua msikilizaji ameketi wapi. Katika kila ukumbi kuna umbali ambao nguvu za sauti hizo mbili hulingana. Kwa chanzo kinachotoa sauti sawasawa pande zote, umbali huo ni 0.057 mara kipeuo cha pili cha ujazo uliogawanywa kwa muda wa rivabu. Kwa Musikverein jibu ni mita 5 pungufu kidogo. Karibu wasikilizaji wote wa ukumbi ule, basi, hupokea sauti ya kuta iliyo kubwa kuliko ya piano, na bado wanasikia kila noti. Wanawezaje? Wana masikio mawili na kichwa kinachogeuka: piano iko mbele, ukumbi uko pande zote, na ubongo huvitenga. Katika spika mbili za mezani piano na ukumbi vyote hutoka mahali pamoja, ubongo hupoteza msaada huo, na kiasi kilekile cha rivabu kinageuka kuwa matope. Kwa sababu hiyo rekodi nzuri huwa kavu kuliko kiti kizuri cha ukumbini.

Mpigaji mwenyewe huketi kama mita moja kutoka kwenye nyuzi. Kwa hesabu ileile, sauti ya moja kwa moja humfikia ikiwa na nguvu za desibeli 14 hivi juu ya sauti ya ukumbi. Piano si nukta, na kifuniko chake huielekeza sauti upande mmoja, hivyo hesabu hii ni ya makadirio. Hata hivyo inatoa pa kuanzia. Anayetaka kusikia kama mpigaji aweke rivabu desibeli 12 hadi 15 chini ya piano. Anayetaka kusikia kama mtu wa safu za mbele aipandishe hadi desibeli 6 au 8 chini. Njia ya kuhakikisha ni kuzima rivabu baada ya kupiga ukurasa mzima. Ikiwa kuzimika kwake kunasikitisha kidogo, kiasi kilikuwa sawa. Ikiwa kunaleta nafuu kama dirisha lililofunguliwa, kilikuwa kimezidi.

Rangi ya sauti inafuata vitu viwili vya asili. Hewa hufyonza sauti nyembamba, hasa zilizo juu ya hezi 4,000, na kadiri zinavyozunguka ukumbini ndivyo zinavyopungua. Zulia na nguo husaidia kazi hiyo. Sauti nene hubaki zaidi, isipokuwa pale ambapo mbao nyembamba zinatikisika na kuzila. Mkia wa kweli, kwa hiyo, huanza ukiwa mwangavu na kumalizika ukiwa wa giza. Rivabu isiyo na giza hilo hupiga mluzi wa bati juu ya kila noti ya juu. Upande wa chini, noti ya mwanzo kabisa ya piano ni hezi 27.5, na mkono wa kushoto ukicheza oktavu nzito ndani ya mkia mnene, kila kitu huzama. Kukata sauti zilizo chini ya hezi 150 au 200 katika rivabu peke yake, bila kuigusa piano, ni marekebisho madogo yenye faida kubwa.

Kabla ya yote haya kuna swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza: piano yenyewe tayari ina chumba kiasi gani? Pianoteq hukokotoa nyuzi, nyundo na ubao wa mvumo, kwa hiyo rivabu yake ikizimwa hakuna ukumbi wowote unaobaki. Piano za sampuli ni tofauti. Zimerekodiwa noti kwa noti mahali fulani, na mahali hapo pamo ndani ya kila noti. Garritan CFX ilirekodiwa katika studio za Abbey Road mjini London. Piano za Synchron za Vienna Symphonic Library zilirekodiwa katika jukwaa kubwa la studio mjini Vienna, kwa maikrofoni za karibu na za mbali ambazo mtumiaji huzichanganya mwenyewe. Kufungua maikrofoni za mbali ni kuongeza rivabu, hata kama kitelezi cha rivabu kiko sifuri. Kuongeza rivabu ya kanisa juu ya maikrofoni hizo ni kuusimamisha ukumbi mmoja ndani ya mwingine, na sikio hutambua kwamba mahali hapo hapapo duniani. Anayetaka ukumbi wake mwenyewe aanze na maikrofoni za karibu.

Pia kuna mvumo ambao si wa chumba. Piano ina nyuzi kama 230, na pedali ya kulia ikikanyagwa, vizuizi vyote huinuka na nyuzi zote huwa huru kuitikia. Nyuzi za oktavu ya juu kabisa hazina vizuizi hata kidogo, huvuma wakati wote. Mvumo huo una sauti za noti za piano yenyewe na hufuata mguu wa mpigaji. Ukumbi hufuata kila sauti bila kuchagua na haumtii mtu. Programu nyingi zina kitelezi cha mvumo wa nyuzi kando na rivabu, na wapigaji wasiojua hutibu ugonjwa wa kimoja kwa dawa ya kingine. Kuvitenga ni rahisi. Zipigwe noti kadhaa za katikati kwa pamoja, fupi na kwa nguvu, mguu ukiwa mbali na pedali: kinachobaki baada ya vidole kuinuka ni ukumbi, pamoja na mng'ao mdogo wa nyuzi za juu. Zipigwe tena pedali ikiwa chini na rivabu ikiwa imezimwa: kinachobaki ni piano.

Chombo cha kusikilizia nacho kina neno lake. Hedifoni huondoa chumba kabisa na kuiweka piano ndani ya kichwa, hivyo rivabu kidogo yenye mirejeo ya mwanzo iliyo wazi huitoa nje na kumpunguzia mpigaji uchovu. Spika za sebuleni huongeza nusu sekunde ya sebule yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko uliopimwa kwa hedifoni utasikika umezidi. Kwa mazoezi ya mbinu, afadhali rivabu iwe ndogo mno au isiwepo: ukumbi huficha noti isiyolingana na vidole visivyoinuka kwa wakati, na husaidia pedali iliyokanyagwa vibaya ionekane nzuri. Lakini mazoezi makavu siku zote humfundisha mpigaji kukanyaga pedali kupita kiasi ili kujaza ukimya, kwa hiyo kipande kikishakuwa tayari kipigwe pia ndani ya ukumbi wa sekunde 1.8, mguu ujifunze kuinuka mapema.

Wakati wa kurekodi, piano ihifadhiwe kavu na rivabu iwekwe baadaye, kwa kuwa iliyokwisha kuchanganywa haitoki tena. Na programu inapopelekwa ukumbini, ikipigwa kwa spika mbele ya watu, mkia wake uzimwe wote na mirejeo ya mwanzo ipunguzwe. Kuta za ukumbi huo zitaongeza sekunde zake zenyewe.